Chunusi Baada ya Kupasuliwa Pua: Je, Ni Adhabu?

Wako watu miongoni mwetu ambao wakimwona aliyepasuliwa pua kwa kutaka uzuri, kisha uso ukamjaa chunusi, hukimbilia kusema: hiyo ndiyo adhabu ya kugeuza umbo la Mungu. Huyasema hayo barazani na arusini, na mwenyewe yu papo asikia. Sisi twauliza: ni nani aliyewapa habari hiyo?

Kugeuza umbo kwa kutaka uzuri tu, wanazuoni wamekukataza, nasi hatulilegezi neno hilo. Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na sababu ya chunusi ni jambo jingine. Pua iliyopasuliwa hufunikwa kwa plasta na gango kadiri ya wiki moja. Ngozi ya hapo haioshwi, mafuta yake hayapati njia, na vitundu huziba. Tena wagonjwa wengine hupewa dawa za jamii ya kotisoni kupunguza uvimbe, nazo zajulikana kuleta chunusi. Basi mtazameni aliyevunjika pua kwa ajali ya gari, akatengenezwa: chini ya plasta ile ile naye aweza kutokwa na chunusi zile zile. Je, huyo naye aadhibiwa kwa kosa gani?

Arfaja bin As'ad, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahilia. Akajifanyia pua ya fedha, nayo ikanuka. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru afanye ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume! Kweli, Arfaja alikuwa na dharura, na mwenye kutaka pua nyembamba hana. Katika hukumu ya kupasuliwa hatuwalinganishi. Twatazama hili tu, kwamba dhara lilipozuka lilitafutiwa dawa.

Na mwenye kusutwa huona haya kumrudia tabibu. Hujifungia chumbani akazitumbua kwa kucha, na pua bado mbichi. Au hutuma dukani mafuta ya kujichubua, ambayo mengine yana kotisoni ndani yake, uso ukazidi kuharibika. Kwa tabibu huenda ingalikuwa ni sabuni na dawa ya kupaka tu. Mwenye binti au ndugu katika hali hii na amrudishe kwa aliyempasua, aulize kabla ya kutia chochote usoni.