Pumzi ya Mpigaji

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Sisi tuliopewa kazi ya kulinda utamaduni tumeishika methali hiyo kama upanga, na mara nyingine tumewakata nayo wasio na hatia.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa waamuzi katika mashindano ya ngoma. Vijana wa mwambao wa Ziwa Nyasa walileta mganda: mistari iliyonyooka, kaptula nyeupe, ngoma kubwa, na vibuyu vilivyotobolewa kisha tundu likazibwa kwa utando wa buibui, ili sauti ya mtu aimbaye ndani yake itoke ikivuma kama tarumbeta. Mwamuzi mwenzangu akasema hiyo si ngoma ya asili, bali ni kivuli cha gwaride la Mzungu. Wakanyimwa alama. Nami nikanyamaza, hali nilikuwa na la kusema.

Ni kweli kwamba mganda ulienea baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Watu wetu walizisikia bendi za jeshi, wakarudi na sauti zake masikioni. Shaba hawakuwa nayo. Walikuwa na vibuyu. Lakini je, chimbuko la sauti ndilo liamualo kama mtu ni mtumwa au muungwana?

Na tutazame ng'ambo, kwa ndugu zetu ambao babu zao walichukuliwa Afrika kwa minyororo. Huko New Orleans, Marekani, watu weusi walizitwaa ala za shaba za bendi za gwaride, wakaumba muziki wa jazi, ambao jina lake lilipokewa hata na bendi zetu za Dar es Salaam na Morogoro. Louis Armstrong, aliyezaliwa huko 1901, alifundishwa kupuliza ala hizo katika nyumba ya kurekebisha watoto watukutu. Miaka ya 1930 alikuwa kiongozi wa bendi kubwa. Mwaka 1957 serikali yake ilitaka aende Urusi kuipigia muziki. Akakataa, kwa kuwa watoto weusi walikuwa wamezuiwa kuingia shule huko Little Rock. Tarumbeta hakuibuni yeye, lakini pumzi ilikuwa yake.

Hapo ndipo penye kipimo. Tarumbeta ya jeshi humwamrisha askari: amka, simama, nenda ukafe. Watu wa Nyasa waliichukua sauti, wakaiacha amri. Kijiji kikaalika kijiji, mwenyeji akamlisha mgeni, wakashindana bila kumwaga damu. Mwalimu Nyerere, alipotangaza wizara ya utamaduni Desemba 1962, alitutaka tuzifufue ngoma zetu, lakini hakutukataza kujifunza kwa wengine.

Basi, mwalimu, mwanafunzi wako akikuuliza kama jambo fulani ni letu, usimjibu kwa kutazama lilikotoka tu. Muulize: nani anayeamrisha pumzi?

Nami swali hilo hunirudia. Vijana wale walipuliza yaliyo yao mbele ya watu. Mimi nilikuwa na kauli, nikaiacha ya mwenzangu ipite badala yake. Siku ile mtumwa hakuwa mwenye kibuyu. Alikuwa mwamuzi aliyenyamaza.