Jungu Kuu Halikosi Ukoko

Ukoko hauonekani kwa anayefunua kifuniko. Yeye huona wali tu, mweupe, unafuka mvuke. Wali ukishapakuliwa na watu wakaambiwa umekwisha, mtoto anayelijua jiko habanduki. Husubiri jungu liachwe, kisha huingiza mkono na kijiko hadi kwenye kiwiko, akakwangua mpaka sauti ikasikika uani. Kile anachokibandua, kikavu, cha rangi ya dhahabu, kimekolea nazi kuliko wali wenyewe. Hicho ndicho wahenga walichokitaja.

Shuleni tulifundishwa kwamba maana ya methali hii ni kuwa mtu mzima hakosi la kufaa. Ni kweli, lakini tafsiri hiyo inaishia kwenye wali wa juu. Ukoko si makombo. Makombo hubaki watu wakishashiba. Ukoko ni ile sehemu iliyokaa karibu na moto kuliko zote, tangu maji yalipochemka hadi makaa yalipopaliwa juu ya kifuniko. Tena methali haikusema jungu kuukuu, imesema jungu kuu. Chungu kilichokaa darini miaka arobaini bila kuinjikwa hakina ukoko hata chembe. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoitumia methali hii kuwanyamazisha vijana barazani. Umri peke yake haupiki kitu.

Jungu lililoinjikwa kweli nililiona kwa mchezaji wa tenisi Serena Williams. Mei 2012, akiwa na miaka 30, alitolewa Paris katika raundi ya kwanza na Mfaransa Virginie Razzano, mchezaji wa nafasi ya 111 duniani. Hakuwahi kupoteza mechi ya kwanza ya mashindano makubwa kabla ya siku ile. Katika mchezo wa kuamua seti ya pili alikuwa akiongoza 5-1, akaiachia. Waliokwishamzika walirudi na majembe yao. Walishamzika mwanzoni mwa 2007 akiwa wa 81 duniani, akatwaa ubingwa wa Australia kwa kumfunga Maria Sharapova 6-1, 6-2. Wakamzika tena baada ya kukatwa na kioo mguuni mwaka 2010 na kupata donge la damu mapafuni mwaka uliofuata. Safari hii walikuwa na hoja ya umri, na hoja ya umri huonekana kama haina jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa Wimbledon. Katika nusu fainali dhidi ya Victoria Azarenka alianzisha mipira 24 ambayo haikurudishwa wala kuguswa. Ukitazama pigo lile kwa karibu utauona moto ulikopitia. Mpira huurusha palepale kila mara, urefu uleule, bila haraka. Bega halisemi kitu, na mpinzani hajui utakwenda kushoto au kulia mpaka umeshampita. Mkono ule haukufundishwa mwaka ule. Ulianza kupikwa akiwa mtoto kwenye viwanja vya Compton, California, baba yake Richard akisimamia.

Akachukua Wimbledon, dhahabu ya Olimpiki, kisha US Open, ambako Azarenka alikuwa akiongoza 5-3 katika seti ya mwisho. Kati ya mataji yake 23 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, 10 aliyapata baada ya kutimiza miaka 30. La mwisho, Australia 2017, alilibeba akiwa mjamzito.

Watabiri hawakuwa waongo. Kasi ya miguu ilipungua kweli. Kosa lao lilikuwa kulipima jungu kwa wali uliobaki juu, na hakuna aliyeinama kutazama chini.

Wahenga nao walipima maneno yao. Hawakusema jungu kuu hujaa daima; walisema halikosi. Serena alirudi baada ya kujifungua, akafika fainali nne kubwa na kushindwa zote, nami sioni sababu ya kulificha hilo. Septemba 2022, New York, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 41, alicheza na Ajla Tomljanović wa Australia. Seti ya tatu alikuwa nyuma 5-1, miguu imechoka, uwanja mzima umesimama. Pointi moja tu ilitosha kumaliza mechi. Tomljanović alilazimika kuitafuta mara sita.