Mahali Tanjenti Inapokosa Thamani

Fimbo ya mita 1 ikisimikwa wima uwanjani, urefu wa kivuli chake kwa mita ni tanjenti ya pembe kati ya jua na wima wa fimbo. Jua la utosi, pembe ni 0° na kivuli hakipo. Pembe ikifika 45°, kivuli hulingana na fimbo. Kwa kipimo hiki Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huijua Alasiri: kivuli kitimie urefu wa kitu chenyewe, juu ya kile cha adhuhuri. Al-Biruni, aliyeandika kitabu kizima kuhusu vivuli katika karne ya 11, alizieleza humo pia nyakati za sala.

Ugumu uko kwenye 90°, jua linapogusa upeo. Tanjenti ya 89° ni takriban 57.29, ya 89.99° inakaribia 5,730. Je, kwenye 90° penyewe pana namba isiyo na kikomo? Aristotle alishikilia kwamba kisicho na kikomo kipo kama uwezekano wa kuendelea tu, kamwe si kitu kilichokwisha kutimia. Grafu ya tanjenti iko upande wake. Kushoto kwa 90° mstari unapaa. Kulia unaibukia chini kabisa, kwani tanjenti ya 91° ni −57.29. Kama pangekuwa na thamani hapo, ingekuwa chanya au hasi? Kusema tanjenti ya 90° ni "infiniti" ni kulipa jina pengo, kisha kulidhania kitu.

Kuichora y = 2 tan 3x + 1 kunalithibitisha hilo. Namba 3 inabana kipindi kutoka 180° hadi 60°, hivyo asimtoti mbili za katikati, yaani mistari ya vitone ambayo grafu huikaribia bila kuigusa, zinakaa −30° na 30°. Namba 1 inainua grafu, ipite (0°, 1). Namba 2 inaivuta kwenda juu na chini, ipite (15°, 3) na (−15°, −1). Nukta hizo tatu na mistari miwili ya vitone zinatosha kuchora kipindi kizima.

Lakini 2 na 1 hazikuzisogeza asimtoti hata kidogo. Kisichokuwepo hakizidishwi wala hakiongezwi. Ni 3 pekee, inayoigusa pembe yenyewe, iliyolihamisha pengo; nayo haikuliziba. Kwenye 30° hakuna thamani ya y, kubwa wala ndogo.