Jumamosi ni ya nani?

Garsen jua likishapoa, watu hutoka nje na mkeka. Hapo kwenye mkeka ndipo mtoto hujua bibi yake alizaliwa wapi, na shamba letu lilikuwa wapi kabla ya mafuriko ya 1997. Kocha hawezi kumfundisha hayo. Kwa hivyo dada yangu akilalamika kwamba mwanawe wa miaka 11 siku hizi anakuja nyumbani kulala tu, namwelewa. Jumamosi asubuhi mazoezi, alasiri mechi, na Jumapili nyingine pia anaitwa.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990, umeweka mapumziko na mchezo katika kifungu kimoja, cha 31. Kwa karatasi havigombani. Kwa nyumba vinagombana, manake mchezo ukishapata ratiba na mtu wa kukufokea ukichelewa, umeshaanza kufanana na kazi.

Basi familia kwanza, mambo yaishe? Mimi nasita. Kwenye mkeka wetu wote ni Wapokomo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma hapa Tana Delta yaliua zaidi ya watu 100. Waliopigana hawakuwa watoto wa barabarani. Walikuwa na kwao, na jioni walikaa na wazee wao kama sisi. Kuna mambo mtu hujifunza nyumbani, na "sisi" na "wao" ni mojawapo. Uwanjani mpwa wangu anampa pasi mtoto wa Kiorma, anajua utani wake, anajua ng'ombe wao wamepelekwa malisho gani. Kwetu hangeyapata hayo.

Sisemi mpira unaleta amani, hiyo waachie wenye mabango. Nasema muda wa familia hauwi mzuri kwa sababu tu ni wa familia. Inategemea mnaongea nini.

Pendekezo langu: Jumamosi aachiwe uwanja, Jumapili awe wetu, kocha apende asipende. Dada anasema nimegawa siku za mtoto mmoja na yeye ana wawili. Binti yake ana miaka 13. Jumamosi yake ni maji, kuni na kufua, jezi ya mdogo wake ikiwemo, na jioni mkekani ndiye anayetumwa chai. Kwake yeye bado hatujaanza hata kubishana.