Je, Karatasi ya Uongo kwa Kazi ya Kweli ni Dhambi?

Katika parokia nyingi siku hizi kuna kikundi kinachopokea fedha kidogo za maendeleo. Hawa wanatengeneza chemchemi, wale wanapanda miti mlimani, wengine wanafuga sungura au wananunua mashine ya kusaga muhogo. Fedha hizo hazitoki Ulaya au Marekani na kufika moja kwa moja mikononi mwa wanakijiji. Zinapita katika ofisi iliyo hapa nchini, nayo ndiyo inayochagua, inayolipa na inayokagua. Juu ya ofisi kama hiyo, na juu yetu sisi tunaopeleka hesabu kwake, kuna swali ambalo limenisumbua tangu miaka miwili.

Kwanza tuone kazi hiyo inavyokwenda. Mfano unaojulikana ni mpango wa misaada midogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza mwaka 1992 chini ya uangalizi wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi kikomo chake cha kawaida kilikuwa dola 50,000 kwa kazi moja. Katika kila nchi kuna mratibu, na pamoja naye kuna kamati ya watu wa nchi yenyewe. Walio wengi katika kamati si watu wa serikali, nao hawapati mshahara kwa kazi hiyo. Hao ndio wanaosema: kazi hii ndiyo, ile hapana. Fedha zinatolewa kwa sehemu: ya kwanza mkataba ukiisha kutiwa sahihi, zinazofuata baada ya kuleta habari na hesabu.

Kuna hekima katika jambo hilo. Aliye karibu anajua bei ya saruji na hali ya barabara. Mwaka 1931, katika barua Quadragesimo Anno, Papa Pio wa XI alifundisha kwamba si haki mkubwa kumnyang'anya mdogo kazi ambayo mdogo anaweza kuitimiza mwenyewe. Ofisi za nchini zinafuata njia hiyo, hata ikiwa walioziweka hawakumfikiria Papa hata kidogo.

Sasa nieleze jambo langu. Halihusu mpango huo niliotaja. Ni shirika lingine, nami sitalitaja jina.

Kikundi chetu, mlimani upande wa magharibi wa ziwa Kivu, kilipewa dola 4,800 ili tutengeneze chemchemi mbili. Mimi nilikuwa mwandishi, kwa sababu nilipita seminarini, na watu wanadhani kwamba aliyesoma Kilatini anajua hesabu pia. Saruji na mabomba tulinunua mjini, na fakture zake zilikuwa safi. Lakini mchanga? Mchanga ulibebwa na wamama kutoka mtoni, beseni kwa beseni, kwa bei ya kila beseni. Mawe yalipasuliwa na vijana. Nani kati yao ana kitabu cha fakture? Tuliwalipa mkononi, mchana, mbele ya watu, nami niliandika yote katika daftari langu.

Sehemu ya kwanza ilipokwisha, ofisi ilisema: kila malipo yawe na karatasi yake, yenye jina na sahihi ya aliyepokea. Malipo yasiyo na karatasi hayatakubaliwa, na sehemu ya pili haitatoka. Nilikuwa na siku chache tu. Basi usiku mmoja nilikaa mbele ya taa, nikaandika karatasi 23. Nilibadilisha kalamu, nilibadilisha mwandiko, na sahihi nyingine nilizitia kwa mkono wa kushoto. Kiasi cha fedha kilikuwa cha kweli katika karatasi zote, wala hakukupotea hata franka moja. Hesabu ikapita. Karani wa ofisi alituambia kwamba katika vikundi vyote chetu ndicho kilicholeta karatasi safi zaidi.

Nilijitetea moyoni kwa yale niliyosoma. Mtakatifu Tomasi wa Akwino anatenga uongo wa aina tatu: wa mchezo, wa kusaidia, na wa kudhuru. Nikajiweka upesi katika ule wa pili. Kwamba yeye mwenyewe anauita huo nao dhambi, ijapokuwa nyepesi zaidi, nilijifanya kusahau. Mtakatifu Augustino alikuwa amekwisha kusema hivyo zamani, tena alitunga vitabu viwili juu ya uongo. Mtu aliyesoma kidogo ni wakili hodari wa nafsi yake.

Mtu atasema: lakini ofisi yenyewe ina kosa. Nami nakubali. Karani naye ana mkubwa wake, na mkubwa ana mkaguzi, na mkaguzi anajibu kwa watu waliotoa fedha katika nchi za mbali, ambao wana haki ya kujua zilikwenda wapi. Hayo ni kweli. Lakini ukimdai mtu karatasi ambayo hawezi kuipata, kisha ukafumba macho unapoletewa, unamfundisha uongo. Tena unawafundisha kwanza walio waaminifu, maana mwizi alikuwa anajua tayari. Nimeona vikundi vilivyoanza kama sisi, kwa kiasi cha kweli na sahihi ya uongo. Mwaka uliofuata kiasi nacho kikaanza kunenepa, maana mkono ulikuwa umekwisha kuzoea.

Hata hivyo kosa la ofisi halikunifungua mimi. Aliyenionyesha hivyo si padri wala kitabu.

Tulifanya mkutano wa kikundi, nami nilileta zile karatasi ili nionyeshe kwamba kazi inakwenda vizuri. Kati yetu kulikuwa na mama mmoja mjane, aliyebeba beseni nyingi kuliko wote. Yeye hajui kusoma, lakini alikuja na mjukuu wake wa shule. Mtoto akaona jina la bibi yake, akalisoma kwa sauti, na chini yake sahihi nzuri sana.

Mama akaniuliza, "Mwalimu, nani aliandika hapa?"

"Ni mimi, Mama, kwa sababu ya ofisi."

"Na fedha ni zile zile nilizopokea?"

"Ni zile zile."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi siku utakapoandika nyingine, mimi nitajuaje?"

Sikuwa na jibu. Mpaka siku ile nilifikiri kwamba hesabu ni shauri la kikundi na ofisi. Yule mama hakuwamo. Kumbe fedha zilitolewa kwa ajili yake. Alichokuwa nacho mbele ya sisi tunaojua kusoma ni kitu kimoja tu: kwamba bila mkono wake hakuna anayeweza kusema amepokea. Mimi nilimwondolea hicho usiku ule. Sikumwibia franka, nilichukua jina lake, nikalitumia bila yeye. Basi ule uongo wangu wa kusaidia ulikuwa umemdhuru mtu.

Nikakumbuka mchango ambao Mtume Paulo aliukusanya kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu. Katika barua ya pili kwa Wakorinto, sura ya 8, anaeleza kwamba hakutaka kuushika peke yake. Makanisa yalichagua mtu wa kusafiri naye, ili asipate kulaumiwa na mtu, na ili mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Paulo alijua kwamba yeye si mwizi, lakini hakuwadai wengine waishi kwa kuamini hilo tu.

Nikaenda ofisini, nikasema yote. Karani hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa karatasi iliyopigwa chapa: orodha ya malipo, jina la kila mtu, kiasi, mahali pa kutia kidole gumba, na mashahidi wawili. Ilikuwapo siku zote. Hakuna aliyetuambia, na mimi sikuuliza.

Lakini mkubwa wake alisimamisha sehemu ya pili mpaka ukaguzi ufanyike. Ilipita miezi mitatu. Mvua zikaanza, na mtaro wa chemchemi ya pili ukabomoka. Wengine katika kikundi waliniambia, "Ungenyamaza, tungekuwa na maji." Watoto wa upande ule walikunywa maji machafu miezi yote hiyo, na wangu hawakuwamo. Bado ninaamini kwamba ilinipasa kusema. Lakini nilikwenda peke yangu, bila kuwauliza hao ambao wangelipa bei ya kusema kwangu, kama vile nilivyoandika peke yangu usiku ule. Jambo hilo nalo nimeliungama.

Kazi ilipoanza tena tulitumia ile orodha. Siku ya malipo yule mama alikuja na mjukuu wake. Alimwambia asome kiasi mara mbili, ndipo akatia kidole katika wino.