Kubebwa na Kupaa

Dansi ya angani ni sanaa ambamo mara nyingi mchezaji hufungwa mkanda kiunoni, akainuliwa kwa kamba na kapi hadi akacheza hewani. Nduguye ni dansi ya wima, ambamo ukuta wa jengo hugeuzwa kuwa sakafu. Swali ambalo sanaa hizo huliibua mchezaji anapokuwa na ulemavu si kama mwili wake unaweza kupaa, maana hilo limekwisha kujibiwa jukwaani, bali ni kama anayeinuliwa na wengine anaweza kusemwa kuwa amepanda mwenyewe.

Nchini Marekani kundi la Kinetic Light, lililoasisiwa mwaka 2016 na Alice Sheppard na kuongozwa na wasanii wenye ulemavu, lilitoa mwaka 2022 onyesho liitwalo Wired, ambamo Sheppard na Laurel Lawson walicheza angani wakiwa katika viti mwendo vyao. Kiti hakikuachwa chini kama gongo la mtu aliyepona. Kilipaa pamoja na mwenyewe, na hapo ndipo kazi hiyo inapoachana na mahubiri mengi ya uponyaji.

Katika Injili ya Marko, mtu aliyepooza anabebwa na watu wanne, na kwa kuwa umati umeziba mlango, paa linatobolewa naye anateremshwa mbele ya Yesu. Wahubiri hupenda mwisho wa kisa, pale mtu anapojitwika kitanda na kuondoka, ilhali paa hutajwa upesi kama nauli iliyokwisha kulipwa. Hata hivyo, imani ambayo Yesu anaiona hapo imetajwa kwa wingi, ni ya wabebaji pia, tena inaonekana kabla mgonjwa hajainuka.

Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, umelipima swali hilo la kubebwa kwa mawe. Mwaka 2009 Mmarekani Chris Waddell, aliyepooza kuanzia kiunoni, aliukwea kwa chombo alichokiendesha kwa mikono. Njiani akakuta mawe makubwa yasiyopitika kwa gurudumu, akabebwa kipande kifupi, na kipande hicho kwanza kikamkaa moyoni kama doa. Hukumu hiyo haistahili kukubaliwa, kwa sababu mpandaji mwenye miguu miwili naye hutanguliwa na wapagazi waliojitwika hema, sufuria, maji na chakula chake, wala hapana anayemuuliza, anapokabidhiwa cheti, kama alipanda kweli. Hata Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walioandikwa kuwa wa kwanza kufika kileleni mwezi Oktoba 1889, mizigo yao haikupanda kwa migongo yao peke yake.

Kwa hiyo tofauti iliyopo ni kati ya kubebwa kulikofichwa na mazoea na kubebwa kunakoonekana, na zaidi, kati ya anayebebwa kwa shauri lake na anayebebwa kama furushi. Katika dansi ya angani inayoongozwa na wasanii wenye ulemavu, mshika kamba humfuata mchezaji, ambaye ndiye aliyekwisha kuamua ainuliwe lini na kwa kasi gani. Lakini pale Njia Panda ya Himo, chini ya Mlima Kilimanjaro, basi la Marangu linapokaribia kujaa, kiti mwendo hurushwa juu ya keria na kufungwa kamba, na mwenyewe hukwapuliwa makwapani na konda mwenye haraka, bila kuulizwa ashikwe wapi.