Zilipendwa na Nani?

Redio ya Bibi ilikaa kwenye geto langu miezi saba kabla sijajua ilikuwa ya nani. Ni National ya zamani, ya kubeba mkononi, kava lake la ngozi limechanika pembeni na antena imekatika nusu. Niliikuta nyumbani kwake Mgeta, juu ya kabati, nyuma ya debe la maharage, wiki chache kabla sijaanza masomo ya uzamili hapa Morogoro mjini. Nikaiomba. Bibi aliitazama kidogo, akasema, "Chukua, mume wangu. Haisemi tena hiyo."

Nikaishusha mlimani ndani ya kiroba, katikati ya karoti na kabichi, nikaiweka juu ya rafu ya vitabu. Haikushika stesheni hata moja, na sikuhitaji ishike. Nyuma yake nilificha spika ndogo isiyo na waya, na Jumamosi jioni marafiki walipokuja, muziki ulionekana kana kwamba unatoka humo.

Muziki wenyewe hauhitaji kuulizwa. Ukiishi Mji Kasoro Bahari na ukapenda mambo ya zamani, utaishia kwa Mbaraka Mwinshehe. Mji huu ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na ulikuwa na Morogoro Jazz, bendi ambayo mwaka 1970 ilisafiri hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akatoka akaunda Super Volcano. Sisi tulikuwa tunavaa mashati ya vitenge, tunapiga picha na redio, tunaandika chini yake kwamba tulichelewa kuzaliwa. Wimbo tuliouchezea zaidi unaitwa "Shida". Sikumbuki kama kuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama akajiuliza kwa nini uliitwa hivyo.

Neno letu la nyimbo hizi ni "zilipendwa". Nimelitumia maisha yangu yote bila kuliangalia. Ni kitenzi kilichosimama peke yake kama jina: kitendo kimefanyika, wakati umepita, mtendaji hayupo. Zilipendwa na nani? Sarufi haisemi, na sisi hatukuuliza. Nafasi ya aliyependa imebaki wazi, nasi tumeingia humo na kukaa kama mtu anayekuta kiti kitupu kwenye daladala.

Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu, akapata jina la ugonjwa aliouona kwa Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Jina hilo ndilo Wazungu wanalolitumia mpaka leo kwa hamu ya mambo ya zamani. Lakini wagonjwa wa Hofer walikuwa na nyumba ya kurudi. Mimi nilikuwa naumwa nyumba ambayo sikuwahi kulala hata usiku mmoja. Swali lililonijia baadaye, nilipokuwa sina furaha nayo tena redio ile, ni hili: je, nina haki ya kuutamani wakati ambao wengine ndio waliouishi na kuulipia?

Lilinijia Mgeta, likizo ya mwezi wa sita. Jioni ya pili, tumekaa jikoni tunamenya njegere, nikawasha simu nikamwekea Bibi wimbo wa Mbaraka. Nilidhani namletea zawadi. Mikono yake ikasimama. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima kwanza."

Redio haikuwa yake, na wala haikuwa ya Babu. Ilikuwa ya kaka yake. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo kaka yake Bibi, mjomba wa mama yangu, alikuwa nguzo ya nyumba ile kuliko hata baba mzazi. Aliinunua kwa fedha ya mboga alizoshusha mjini misimu kadhaa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Wanamgambo wakaitwa, kaka akiwa mmoja wao. Alipoondoka alimwachia mdogo wake redio, akamwambia, "Habari zangu utazisikia humu."

Bibi aliichukulia kauli ile neno kwa neno. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na mama yangu alikuwa mtoto wa mgongoni. Kila jioni aliketi na redio ile kusubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na matangazo ya vifo aliyasikiliza huku ameshika kifua. Kati ya tangazo na tangazo vilipigwa vibao. Ndiyo maana anavijua vyote. Alivijifunza akisubiri viishe.

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Habari ilipofika Mgeta, majirani walilia. "Mimi nilifurahi," Bibi aliniambia, akarudi kwenye njegere zake. "Mungu anisamehe. Nilisikia wanatangaza kifo, halafu jina likawa la mtu mwingine."

Kaka yake hakurudi. Habari zake hazikupita redioni. Zililetwa na mtu aliyepanda mlima kwa miguu. Siku hiyo Bibi alizima redio, na hakuiwasha tena.

Nilirudi mjini nikaondoa ile spika. Jumamosi iliyofuata niliwaambia wenzangu kisa hicho, na nadhani nilikisimulia kwa ukali, kama mwalimu wa zamu. Nikaongeza na mengine niliyokuwa nayasoma. Kwamba baada ya vita nchi iliombwa ifunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikawa miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la kijiji. Kwamba ule umoja tunaousifu, nchi nzima kusikiliza wimbo mmoja kwa wakati mmoja, ulitokana pia na kukosa pa kwenda: redio ilikuwa ya serikali, na hadi mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Kwamba hata viwanda vya Morogoro ambavyo wazee wanavililia havikuwa vyote neema. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kuna mtu aliyelipa deni lile, nikasema, na sisi tunapiga picha.

Rafiki yangu mmoja, anayesoma mambo ya udongo na asiyependa maneno mengi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni raha gani ambayo haina mtu aliyeilipia? Karoti za Mgeta unazotuletea zinalimwa kwenye mteremko ambao mimi hata kusimama siwezi. Tusile?"

Sikuwa na jibu. Bado naona swali lake ni zuri kuliko hotuba yangu. Vitu vitamu vyote vina jasho la mtu ndani yake. Kama sharti la kufurahia kitu ni kisiwe na maumivu nyuma yake, basi tusiimbe wala tusile. Lakini kuna tofauti niliyoiona baadaye, nikiwa nimelala. Karoti hainidanganyi. Ukiwa na karoti mkononi, unajua imelimwa. Hamu ya zamani inafanya kazi kwa kumficha mkulima. Inanipa jioni ya mwaka 1978 ikiwa imeshamenywa na kuoshwa, hofu imetolewa, foleni imetolewa, na mwanamke aliyeshika kifua ametolewa, halafu inaniambia hii ndiyo zamani yenyewe. Kosa langu halikuwa kuupenda muziki. Nilichokosea ni kuiweka spika nyuma ya redio.

Hapo nilidhani nimemaliza kufikiri. Mwezi wa tisa nilipanda tena Mgeta, nikamwambia Bibi kwa heshima zote kwamba tumeacha. Hatutachezea tena vitu vya kaka yake. Nilitarajia anibariki. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la khanga.

"Mmeacha kucheza? Nani kakutuma?"

Kisha akanisimulia ambayo mara ya kwanza hakunisimulia, kwa sababu mara ya kwanza sikumuuliza. Kaka yake alikuwa mchezaji. Mwisho wa mwezi aliweza kushuka mjini kwa miguu kwenda kusikiliza bendi, akarudi alfajiri na vumbi mpaka magotini, na kabla hajalala akamwamsha mdogo wake amwonyeshe mtindo mpya uliotoka. Walifanyia mazoezi uani, juu ya maganda ya maharage, mama yao akiwatukana kutoka dirishani. Kwenye harusi zao walikuwa wakisogezewa nafasi wacheze wao wawili.

"Wewe unamjua siku moja tu," Bibi akasema. "Ile aliyoondoka. Mimi namjua miaka yake yote."

Nilikuwa nimemwibia mara mbili. Kwanza nilizichukua jioni zake nikatoa machungu nikabaki na utamu. Halafu nikajirekebisha kwa kutoa utamu nikabaki na machungu, nikajiona nimekuwa mtu mwema. Mara zote mbili niliamua mimi, mtu wa miaka 26, enzi ile ilikuwa nini. Kutamani bila kuuliza na kusikitika bila kuuliza ni tabia moja. Anayesema "raha iliyoje enzi za Mwalimu" na anayesema "mateso yaliyoje enzi za Mwalimu" wanaweza wote wawili kuwa hawajawahi kukaa jikoni na mtu mmoja aliyekuwepo.

Kwa hiyo siamini tena kwamba swali ni kama tuna haki ya kuitamani zamani. Watu hurithi, na urithi si wizi. Lakini kila mtu aliyekulia kwenye nyumba zetu anajua utaratibu wa mirathi: kabla warithi hawajagawana, deni la marehemu hulipwa kwanza. Mrithi anayekimbilia mali na kulikimbia deni huonwa na ukoo mzima. Nadhani nyimbo, mashati, redio na picha za rangi ya kahawia ni mirathi ya namna hiyo. Deni lake ni dogo, lakini haliwezi kulipwa na mtu mwingine: ni kwenda kuuliza zilipendwa na nani, na kusikiliza jibu lote, hata pale linapoharibu picha, na hata pale linapoharibu huzuni yetu.

Deni hili lina tarehe ya mwisho. Aliyekuwa na miaka ishirini Mbaraka alipofariki sasa anakaribia sabini. Nyimbo zitabaki. Zimeshaingia kwenye simu, na hazihitaji tena mtu wa kuzikumbuka. Kinachoondoka ni yule aliyezisikiliza akisubiri ziishe, na yule aliyezichezea juu ya maganda ya maharage. Hao wakiondoka, nafasi iliyo wazi ndani ya neno "zilipendwa" itabaki wazi kwelikweli.

Tulianza tena Jumamosi zetu. Mmoja wetu alikuja na kisa cha baba yake aliyeuza baiskeli ili ashone suruali ya kengele, mwingine na cha shangazi asiyeutaka muziki huo hata kuusikia na asiyesema kwa nini. Vyote tunavipokea. Halafu tunacheza.

Redio nimeipeleka kwa fundi. Mfuniko wa betri ulikuwa umeng'ang'ania kwa kutu, akautoa kwa bisibisi, na ndani tukakuta betri zilezile, zimevuja, zimekuwa kitu kimoja na chuma. Bibi hakuwa amezitoa. Alizima tu. Fundi akasema redio inaweza kupona, ila hizo betri azitupe. Nikamwambia subiri, nikatoka nje nikapiga simu Mgeta. Nilitaka kumuuliza kama angependa nimwekee.

"Tupa hizo," Bibi akasema, "zitamla mkono mtoto wa watu." Kisha akaniuliza fundi anataka shilingi ngapi.

Nikamtajia.

"Mwambie apunguze," akasema. "Halafu akimaliza uniletee. Nataka nisikie kama bado inasema."